Mkono wa Upande wa Pili

Ukitaka kukamua shuka zito peke yako, tafuta nguzo. Unalipitisha shuka nyuma ya nguzo, unazikutanisha ncha zake mikononi, kisha unasokota huku ukirudi nyuma kidogo kidogo, mpaka maji yatoke na kutiririka sakafuni. Mama mkubwa wangu alifanya hivyo kwa miaka mingi kwenye kibaraza cha nyumba yake, na nguzo ile ya mbao ililainika mahali pamoja, usawa wa kiuno, ikang'aa kama mpini wa jembe lililozeeka. Hakuipenda.

"Haichoki, haichelewi, haina maneno," alikuwa akisema. "Ila haivuti. Unavuta wewe, yenyewe imesimama tu. Ni kama kuzungumza na mtu aliyelala."

Kazini walimwita Koleo. Alikuwa mwanamke mfupi, mabega membamba, sauti ya chini, na ungemwona njiani usingemtazama mara mbili mpaka akupe mkono. Hapo ndipo watu walipoinua nyusi. Vidole vyake vilikuwa virefu na vikavu, na kidole cha pete kilikipita kidole cha shahada kwa karibu ukucha mzima. Utotoni mama yake alimwagiza aikunje mikono wageni wanapofika. "Ficha hayo makucha, utasema tumezaa fundi seremala." Kaka zake walimletea chupa zilizokaza vifuniko, akizifungua, walikasirika, akishindwa, walimcheka. Siku ya harusi yake pete iligoma kwenye kifundo cha kidole, bwana harusi akatokwa jasho mbele ya watu, mpaka shangazi mmoja akaleta kipande cha sabuni. Mume huyo, dereva wa malori, hakuishi sana. Pete nayo aliivua alipoanza kazi ya kufua, kwa sababu magadi yaliingia chini yake na kula ngozi. Baadaye kilibaki kidole kirefu, kitupu, ambacho watu walikitazama zaidi kuliko uso wake.

Mimi nimekirithi kidole hicho. Pengine ndiyo sababu nikaisikiliza habari yake kuliko wengine nyumbani.

Alifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali kubwa, chini kabisa ya jengo, mahali ambapo madirisha yako juu karibu na dari na kinachoonekana ni miguu ya wapita njia. Mashine za kufulia zilikuwepo, kubwa kama matangi. Ya kukamulia iliharibika zamani, na fundi wake alikuwa siku zote yuko njiani anakuja. Kwa hiyo mashuka yalitoka kwenye mashine yakiwa yamebeba maji, mazito kama watu waliozimia, na yalikamuliwa kwa mikono. Sakafu ilikuwa ya saruji iliyoinama kuelekea kwenye mfereji. Wakamuaji walivaa mabuti ya mpira na aproni za plastiki, wakasimama wawili wawili wakitazamana, kila mmoja na ncha yake.

Kazi hiyo ilikuwa na sheria moja, na haikuandikwa popote: mikono ya wawili lazima ilingane. Mmoja anasokota kulia, mwenzake kushoto. Mmoja akimzidi mwenzake, msokoto wote unakimbilia upande wa mnyonge, shuka linajizungusha ndani ya viganja vyake na kuvichubua kama kamba. Wanaolingana unawajua kwa macho: lile fundo nene la msokoto linasimama katikati yao, halisogei huku wala kule, na maji yanadondoka mahali pamoja.

Koleo hakuwa na wa kulingana naye. Wanawake wenzake aliwachubua. Wanaume waliona aibu, wakasingizia migongo. Mpaka siku moja nyapara, mwanamume mwenye filimbi shingoni na haraka ya maisha yote, akamtoa mtu mmoja kwenye mapipa ya kuchanganyia buluu ya nguo nyeupe. Mtu huyo alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye tabasamu la upande mmoja, na kucha zake zilikuwa za rangi ya wino. Ndiyo maana aliitwa Buluu.

"Haya, shika upande wa pili tuone," nyapara alisema, akiwa amekwisha kuanza kucheka.

Walisokota. Shuka lilijikaza, likapiga kelele yake ndogo ya pamba inayobanwa, na fundo likasimama katikati. Wote wawili waliongeza nguvu, kila mmoja akimjaribu mwenzake. Fundo halikutikisika.

"Ala!" Buluu alisema. "Dada, wewe umekula nini?"

"Ulichokula wewe. Zungusha, maji yanapoa."

Wakawa jozi tangu asubuhi hiyo.

Mama mkubwa hakuwa mtu wa kupamba maneno, lakini jambo hili alinieleza kwa mikono, akinikabidhi ncha ya taulo ili nielewe. Shuka likisokotwa linakuwa fupi. Mnaanza mbali, mtu na mtu wake, na kadiri maji yanavyotoka mnalazimika kusogeleana, hatua moja, nyingine, mpaka mnabaki mmetenganishwa na urefu wa mkono tu na unasikia mwenzako anavyopumua. Kisha mmoja anaachia, shuka linafunguka, kila mtu anarudi alikotoka. Mnachukua lingine. Kutwa nzima hivyo: kusogea, kuachia, kurudi. Ni kazi, na wala hakuna mtu anayeweza kukuuliza kwa nini umesimama karibu hivyo.

Na kupitia shuka alijifunza kumsoma. Mvuto wake ukichelewa kidogo, usiku wake ulikuwa mbaya. Ukija na mtikiso mdogo, kama mtu anayetaka kucheka, alikuwa na habari ya kusimulia. Buluu alikuwa na mke nyumbani, mgonjwa wa uti wa mgongo, asiyeweza kujigeuza kitandani. Kila alfajiri kabla ya kuja kazini alimgeuza, akamwogesha, akafua mashuka yake. Halafu alikuja kufua ya watu.

"Wifi hajambo?" Koleo alimwuliza kila asubuhi.

"Hajambo kidogo. Anakusalimu."

"Nami namsalimu."

Hawakuwahi kuonana, mke huyo na Koleo, ila salamu zilikwenda na kurudi kwa miaka, na Koleo alizichukua kwa uzito. Dada, kaka, wifi: maneno hayo matatu yalikuwa uzio, na waliutunza wote wawili, wakiuegemea kila mmoja kutoka upande wake.

Walishikana mkono mara moja tu. Ilikuwa saa ya mapumziko, watu wameketi juu ya magunia ya nguo chafu na vikombe vyao vya chai. Mpiga pasi mmoja, mama mnene mwenye ulimi usiolala, waliyemwita Mama Pasi, alikuwa akimtania Koleo juu ya vidole vyake.

"Vya kiume hivyo! Tazameni, cha pete kimemkimbia mwenzake."

"Basi na vyangu mvione," Buluu alisema, akanyoosha mkono wake. Na kweli, cha kwake cha shahada ndicho kilichokuwa kirefu, kimekipita cha pete, na mkono wote ulikuwa laini, umechongoka, na zile kucha za buluu kama za bibi harusi aliyekosea rangi.

Mama Pasi akapiga makofi. "Nyie mmebadilishana mikono tumboni kwa mama zenu! Wekeni pamoja tuone."

Wakaweka, kiganja kwa kiganja. Pale kidole cha mmoja kilipopungua, cha mwenzake kilizidi. Watu walicheka mpaka mtu akamwaga chai.

"Mmoja wenu arudishe mkono wa watu!" Mama Pasi alipiga kelele.

Kicheko kilipokwisha, viganja bado vilikuwa pamoja. Kisha Koleo akakumbuka kwamba kikombe chake kinapoa.

* * *

Ugonjwa wa mkono wa Buluu, Koleo aliujua kabla ya mwenyewe kukiri. Asubuhi moja fundo la msokoto lilisogea, si sana, upana wa vidole viwili hivi, kuelekea upande wake Buluu. Kesho yake likasogea tena. Aliuona mkono wake wa kulia ukitafuta kikombe na kukikosa. Alimwona akiukunjua na kuukunja chini ya aproni, kama mtu anayefinya embe kujua limeiva. Hakuuliza. Kwenye chumba kile mkamuaji aliyeishiwa nguvu, asiyelingana tena na mwenzake, hakukaa: mwanamume alipelekwa kusukuma matoroli ya nguo chafu huko juu mawodini, mwanamke alivushwa ua kwenda chumba cha kukunja. Kwa vyovyote, mngekuwa watu wa kupungiana mikono kwa mbali.

Koleo akaanza kulegeza.

Ni ufundi, na aliufikia kwa shida. Ukilegeza ghafla, mwenzako anajua na anaaibika. Ukilegeza mno, shuka linabaki na maji na nyapara anapuliza filimbi. Ilibidi ausikilize mkono wake Buluu kila mzunguko na ampe kiasi kile kile, wala si zaidi. Fundo likarudi katikati. Mashuka yao yalitoka mabichi kidogo, lakini hakuna aliyejua yalitoka kwa nani. Yeye alisema huo ndio wakati aliofanya kazi ngumu kuliko wakati wote, na ndio wakati alioamka asubuhi bila kuvutwa na mtu.

Ndipo wakaja watu wa chuo.

Walikuwa wawili: mwalimu mwenye miwani aliyesalimia kila mtu mara mbili, na mwanafunzi wake, binti mkimya aliyebeba sanduku. Ndani ya sanduku mlikuwa na kipimo cha chuma cha kupimia urefu wa vidole, na kifaa kingine chenye mpini na sindano kama ya mizani. Ukikibana, sindano inapanda. Walikuwa wanazunguka sehemu za kazi za mikono, wakitaka kujua kama urefu wa vidole una uhusiano na nguvu za mkono, kwa wanaume na kwa wanawake.

Mwalimu alieleza akiwa amesimama juu ya kreti la sabuni ili wote wamwone. Alisema wanaume wengi kidole chao cha pete huzidi cha shahada, na wanawake wengi vidole hivyo hukaribia kulingana. Alisema wako wanaodhani jambo hilo huanza tumboni kwa mama, kabla mtoto hajazaliwa. Na alisema katika vipimo vingine, watu wenye kidole kirefu cha pete wameonekana kuwa na mkono wenye nguvu kidogo zaidi, wanaume hasa, wanawake kwa shida.

"Kwa hiyo ukimtazama mtu vidole unajua nguvu zake!" nyapara alidakia.

"Hapana, mzee," yule binti alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kuzungumza. "Ni watu wengi ukiwaweka pamoja. Mtu mmoja mmoja huwezi kumjua kwa vidole. Tofauti ni ndogo sana."

Nyapara aliitikia kwa kichwa kama aliyeelewa, lakini alikuwa amekwisha kuchukua nusu aliyoitaka. Wiki hiyo wauguzi walikuwa wamelalamika kwamba mashuka yanafika mawodini yakiwa na unyevu. Alimfuata mwalimu pembeni, wakanong'onezana, mwalimu akakataa jambo fulani kwa mkono. Nyapara hakujali. Alisimama mlangoni mwa chumba cha kupigia pasi, ambako watu wangeingia mmoja mmoja kupimwa, na shingo yake ilikuwa ndefu ya kutosha kuiona sindano.

"Leo leo," alitangaza, "tutajua nani mkamuaji na nani anakula mshahara wa bure. Jozi zote nazipanga upya."

Buluu aliitwa mapema. Koleo alikuwa nje kwenye kamba za kuanikia, na aliporudi alimkuta amekaa juu ya gunia, mkono wa kulia ndani ya aproni, jasho likimtiririka kwenye paji.

"Vipi, kaka?"

"Kama kawaida tu." Akatabasamu lile tabasamu lake la upande mmoja. "Joto la humu ndani, dada."

Akaamini ni joto. Kichwa chake kilikuwa kwenye jambo lingine. Alikuwa anapiga hesabu ya mkono wa Buluu: nguvu iliyobaki ndani yake leo, baada ya asubuhi nzima, ni kiasi gani? Hakuhitaji kifaa cha chuo. Aliijua kama unavyojua uzito wa mtoto unayembeba kila siku. Akibana sawa na hiyo, wangebaki sawa, na wanaolingana hawatenganishwi. Hata kama wangeonekana wanyonge wote wawili, nyapara angewapa foronya na taulo, vitu vyepesi. Foronya nazo zina ncha mbili.

Binti alimpima vidole kwanza. Akapima mara ya pili, akamtazama usoni.

"Mama, sijaona mkono kama huu tangu tuanze."

"Mikono ya baba yangu hiyo."

"Sasa bana hapa. Kwa nguvu zako zote."

Koleo akabana kama mtu anayeshika kifaranga. Sindano ikapanda kidogo, ikasimama.

"Zote, mama."

"Ndizo hizo, mwanangu. Vidole virefu, ndani hamna kitu."

Alibana mara tatu, na mara tatu sindano ikasimama pale pale. Binti akaangalia sindano, akamwangalia yeye, na midomo yake ikacheza kidogo. Lakini akaandika namba ile ile, na mlangoni nyapara alikuwa amekwisha kuona.

Jioni aliwapanga mstari. Alianza na mablanketi, kazi nzito kuliko zote.

"Mablanketi, Tingatinga." Huyo alikuwa mbeba mizigo wa zamani, shingo na kichwa kitu kimoja. "Utakuwa na Buluu."

Watu waligeuka.

"Buluu huyu?" Mama Pasi aliuliza.

"Buluu huyu huyu. Amebana chuma mpaka nikadhani kitavunjika. Kumbe alikuwa anajificha kwa mwanamke. Na wewe, Koleo," akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli, maana alimheshimu, "kumbe jina tu. Kesho chumba cha kukunja."

Koleo alimtazama Buluu. Buluu naye alikuwa anamtazama, mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyeingia nyumbani kwake akakuta vyombo vimehamishwa. Kila mmoja alikuwa na swali, na hakuna aliyeweza kuliuliza pale. Angesema nini? Nilidanganya, nipimwe tena? Wangemwuliza kwa nini alidanganya, na jibu la swali hilo lilikuwa kwenye kifundo cha mkono wa mtu mwingine. Akavua aproni, akaitundika kwenye msumari wake.

Chumba cha kukunja kilikuwa kikavu na cheupe, na kilinukia pasi. Kukunja nako ni kazi ya wawili: mnashika pembe, mnakutana katikati, pembe kwa pembe. Lakini shuka kavu halisemi kitu. Unaweza kukutana na mtu hivyo siku nzima na usijue kama amelala njaa.

Alivumilia siku chache. Kisha akavuka ua, akamfuata nyapara.

"Nipime tena."

"Chuma kimeondoka na wenyewe."

"Nipe shuka basi. Nipe na mtu yeyote unayemtaka."

Nyapara akamtazama. "Kwa nini hukubana siku ile?"

Koleo akautazama ule msumari wake wa aproni.

"Koleo, nakuuliza. Una nini?"

Na wakati bado anatafuta neno ambalo lingemrudisha bila kumfukuza mwenzake, akasikia kelele kutoka kwenye mfereji. Tingatinga alikuwa amesokota, blanketi likakimbia lote upande wa pili, na mkono wa Buluu ukazunguka nalo.

Hawakupewa nafasi ya kuagana. Walimfunga mkono orofani, mahali wanapofunga watu, akatoka kwa mlango wa mbele kama wagonjwa wote, wala hakurudi tena kazini. Mabuti yake yalibaki yamesimama kando ya mfereji, pua zikielekea mahali ambapo Koleo alikuwa akisimama. Mtu akayahamisha.

* * *

Baadaye mashine mpya ya kukamulia ililetwa, ikafungwa, ikawashwa, na watu walipiga makofi. Ilitikisa sakafu nzima. Koleo alistaafu bila kurudi kwenye mfereji ule. Nyumbani alikuwa na nguzo yake, na siku za kufua alikuwa mkali bila sababu. Mama yangu alituonya tusiende huko siku hizo.

Nilipokuwa mtu mzima ndipo aliponieleza, kidogo kidogo, wala si kwa mpango. Kwamba hakumdai mtu huyo kitu. Kwamba hakuwahi hata kumwota vibaya. "Nilitaka ncha ya pili tu," alisema. "Mtu anaweza kutaka kitu kidogo hivyo na akakikosa maisha yote, unajua?" Akautazama mkono wake, kile kidole kilichotangulia wenzake, kama anayemtazama mtoto aliyemwangusha mbele ya watu.

Halafu Mama Pasi, aliyekuwa bado anajua kila kitu cha kila mtu, akaja na habari: mke wa Buluu alikuwa amefariki. Mama mkubwa alilia kweli. Alimlilia wifi ambaye hakuwahi kumwona, kwa sababu ya salamu zote zile. Akatuma rambirambi kwa mdomo wa Mama Pasi, na hakwenda. Alisubiri. Msiba ukapoa, mvua zikaja, zikaisha, na bado alisubiri, na nilidhani imebaki hivyo.

Asubuhi moja nilifika kumsalimia nikamkuta amefua shuka moja tu, lile zito kuliko yote aliyonayo. Halikuwa kwenye nguzo. Lilikuwa ndani ya beseni, na maji yake yote.

"Nisaidie kubeba," alisema. Alikuwa amevaa viatu vya kutokea.

"Tunalipeleka wapi shuka bichi, mama mkubwa?"

"Kukamua."

Tulipita mitaani kila mmoja na sikio lake la beseni, maji yakituchuruzikia miguuni na kuacha alama nyuma yetu. Watu hawakutuacha.

"Mama, kwako hakuna kamba?" muuza viatu alipaza sauti.

"Kamba ipo. Nguzo ndiyo imenichosha!"

Nyumba ya Buluu ilikuwa nyuma ya mashine ya kusaga unga, mlango wa kijani, kizingiti kimefagiwa. Alifungua yeye mwenyewe. Alikuwa amepungua na nywele zimekuwa nyeupe, na kucha zake, sijui kwa nini jambo hilo lilinigusa, zilikuwa safi, hazina rangi yoyote. Mkono wa kulia ulikuwa umekaa mbele ya tumbo, umepinda, kama umelala.

Alilitazama beseni. Akamtazama mwenye beseni.

"Karibu, Koleo," alisema. Nililisikia lile neno dada likikosekana, na nadhani sote watatu tulilisikia.

"Nimekosa mtu wa upande wa pili," mama mkubwa alisema. "Nikasema nipite hapa."

"Na huu mkono?"

"Nimekuja na shuka. Sijaja na nyapara."

Alicheka, akatutangulia uani. Alishika ncha kwa mkono wa kushoto, akaibana kwenye kiwiko cha kulia na kuiegemeza kifuani. Wakaanza kuzungusha. Fundo lilikimbia upande wake, likayumba, kisha polepole likarudi katikati.

"Unanilegezea," alisema.

"Nani kakulegezea?"

"Usinidanganye. Ulikuwa unanilegezea tangu kule. Unafikiri sikujua? Miaka nimekuvuta, nisijue?" Aliendelea kuzungusha, uso chini. "Nilijua. Nikaona haya. Nikasema siku ya chuma kile nitamfikia mwanamke huyu kwa vyovyote, nimwonyeshe bado tunalingana, asije akatafutiwa mtu mwingine. Nikabana mpaka nikasikia kitu kinakatika humu ndani."

Mama mkubwa alisimama. Shuka likabaki limekaza kati yao.

"Ulibana?"

"Kwa nguvu zangu zote na nyingine nisizokuwa nazo. Wewe je? Nimejiuliza miaka yote. Wewe, mwenye mkono ule, ulifanya nini humo ndani?"

"Nilikufuata wewe," alisema. "Nilibana kama wewe."

Walitazamana. Kilichotoka kwanza kilikuwa sauti ya ajabu, sikujua ya nani, halafu nikagundua wanacheka, wote wawili, vichwa vimeinama juu ya shuka, machozi yakidondoka pamoja na maji mengine. Wala hawakuachia.

"Tulipishana mlangoni," Buluu alisema.

"Mlangoni kabisa."

Wakaendelea. Shuka likawa fupi, wakasogeleana hatua, na nyingine, mpaka wakafika pale ambapo mmoja hutakiwa kuachia. Niligeuka nikautazama ukuta wa mashine ya kusaga, ambao haukuwa na kitu cha kutazama.

Lilikuwa limekamuliwa vibaya sana. Waliliweka kwenye kamba, likavuta kamba mpaka chini, na maji yakaendelea kudondoka toka pindo zima, mahali pengi pengi. Nikachukua beseni tupu, nikauliza kama twende.

"Tangulia wewe, mwanangu," mama mkubwa alisema, akivuta kigoda kivulini. "Hili litachukua muda kukauka."